Mchungwa, Sisimizi na Kiti cha Baba Mkwe

Nilipoolewa Kalemie nilikuta nyumbani kwa mume wangu kuna mtoto wa kwanza ambaye hakuna aliyenitajia habari zake wakati wa posa. Alisimama kando ya nyumba, amepita bati kwa urefu, na alikuwa mchungwa. Mama mkwe wangu alifagia chini yake kila asubuhi kabla hajafagia mlango wake mwenyewe. Akiutaja alisema "muti yangu" kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mwanawe, sembuse kwangu mimi.

Mimi nilikuja kwa treni kutoka Nyunzu, na sanduku la bati, godoro, na mawaidha ya mama zangu wadogo ambayo yalikuwa mazito kuliko godoro. Ilikuwa miaka ya Zaire. Serikali ilikuwa imetukataza kuitana musiye na madamu kama Wabelgiji, sote tumekuwa raia, wanaume sitwayen, wanawake sitwayene. Watu wenye akili zao walitumia maneno hayo ofisini na kwenye mikutano, kisha wakayaacha mlangoni pamoja na vumbi la viatu. Mama mkwe aliyaleta ndani kwa ajili yangu. Wake wa vijana wote mtaani waliitwa "mama" na wakwe zao, hata wale waliokuwa bado wanaota chunusi, kwa kuwa ndiyo desturi. Mimi niliitwa, "Sitwayene, maji iko wapi?" Nilichota maji kama raia mwema.

Kiangazi kile cha kwanza nilionjeshwa chungwa moja. Nasema moja kwa heshima tu, lilikuwa nusu. Mama mkwe alilikata kwa kisu, akanipa upande mdogo, akanitazama nikila kana kwamba nitaondoka na maganda. Lakini lilikuwa tamu, lazima niseme ukweli. Lilikuwa tamu hata nikasamehe mambo mawili matatu.

Chini ya mti kulikuwa na kiti cha mbao chenye mgongo mrefu. Kilikuwa kimeelekezwa kwenye mti na kuinamishwa mbele, ncha ya mgongo imeegemea shina, kikisimama kwa miguu miwili tu, ile ya nyuma ikiwa hewani. Siku nilipokiendea kwa nia ya kupumzisha mgongo wangu, mume wangu alinishika mkono.

"Ile ni kiti ya papa," akasema.

"Papa iko wapi?"

"Papa alisafiri."

Baba mkwe alikuwa mtu wa reli. Wakati wa fujo, miaka mingi kabla sijajua hata kujifunga kitenge, aliitwa kazini, akapanda treni, akaaga kwamba anakwenda na kurudi. Mtaa mzima ulijua kwamba treni ile haikufika ilikokuwa inakwenda. Lakini ndani ya nyumba ile neno lilikuwa ni "alisafiri", na msafiri hakupigiwa kilio. Nilielewa haraka kwamba kiti hakikaliwi. Zaidi ya hapo hakuna aliyenieleza kitu, maana raia hujielimisha mwenyewe.

Mvua za kwanza zikanyesha, mchungwa ukatoa majani mapya na maua meupe, harufu ikaingia hadi chumbani. Mama mkwe alikuwa na furaha, karibu anisalimie. Kisha majani yale laini yakaanza kujikunja. Ukiyafunua unakuta chini yake vidudu vidogo vya kijani vimejaa, vimetulia, vinanyonya. Kwenye vijiti kulikuwa na vingine vya rangi ya kahawia, bapa, vimeganda kama magamba ya samaki, huwezi kujua kama ni vidudu au ni ugonjwa wa ngozi. Majani yakawa yananata. Halafu juu ya ule unato likaja vumbi jeusi, mti ukawa kama umepitiwa na moshi wa jiko. Maua yakaanguka chini kwa wingi, na mama mkwe akayafagia.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaugua.

"Miaka yote muti hii ilikuwa na nguvu," mama mkwe aliuambia ukuta wa jiko, mimi nikiwa nimeinama nasonga bugali hatua chache kutoka kwa ukuta huo. "Kuna miguu inaingiaka mu nyumba na baraka. Kuna miguu ingine, inaingiaka na bintu yake."

Nikaitazama miguu yangu nione hivyo vitu vya mkosi. Ilikuwa safi, nilikuwa nimetoka kuioga.

Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha, ingawa sasa nacheka. Kila kiangazi dada mkubwa wa baba mkwe alikuwa anakuja kwa boti kutoka Mpala kuchukua kitunga chake cha machungwa. Bibi huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na ndiye aliyekubali niolewe. Alichokikubali aliweza kukikataa. Tayari nilijua habari ya mke wa binamu mmoja aliyerudishwa kwao na sanduku lake, kosa lake likiwa ni kwamba kuku walikufa mwezi aliofika. Kwangu kulikuwa na mti uliokuwa unakufa, tena tumbo langu nalo lilikuwa limekaa kimya. Mama mkwe alikuwa amekwisha kupanga hotuba yake.

"Dada ya papa akikuja akute kitunga mutupu, ataniuliza sababu. Mi nitamuonyesha sababu, iko inaanika nguo."

Mume wangu nilimpenda, naye alinipenda, jambo ambalo kwenye kikao cha ukoo lina uzito wa unyoya. Niliogopa. Usiku nililala nikiona sanduku langu la bati liko juu ya kichwa changu, narudi stesheni peke yangu. Basi nikajua kwamba machungwa yasipoiva mwaka ule, mimi ndiye nitakayechumwa.

Kwanza tulijaribu dawa ya wazee. Mti unaokataa kuzaa hutishwa. Mtu mmoja anaushikia shoka, mwingine anauombea, na mti, kwa kuwa una akili kuliko serikali, unasikia na kujirekebisha. Mama mkwe alishika shoka. Wa kuombea alikuwa jirani yetu, mama mmoja mwenye moyo mzuri na sauti ya kwaya.

"Wewe hautaki kuzaa," mama mkwe akaanza, shoka limeinuliwa, "unakula tu nafasi ya watu, unakunywa maji ya watu. Leo nakukata!"

"Umuhurumie, mama!" jirani akalia. "Umuache, atazaa mwaka hii!"

"Atazaa wakati gani? Bantu banacheka!"

"Yeye angali mugeni, mama, umupe wakati!"

Mti ule ulikuwa umekaa pale zaidi ya miaka niliyokuwa nayo duniani, sijui ugeni wake ulikuwa wa namna gani. Wote wawili walikuwa wananitazama mimi. Mama mkwe akapiga shoka mara moja kwenye gome, kidogo tu, kwa adabu, nami nikashika tumbo langu kwa mikono miwili. Sisimizi walitoka kwenye ufa wakatazama kuna nini, wakarudi kazini.

Penye wengi hapaharibiki neno, na sisi tulikuwa wengi. Jirani wa upande wa pili, mzee aliyejua kila kitu kilichopita barabarani, alitangaza kwamba vumbi jeusi ni moshi wa treni. Treni yenyewe ilikuwa inapita nadra kama mvua ya mwezi wa saba. Kikundi cha maombi kilikuja kikatuwekea mikono, mimi na mti, ila mti waliuwekea ncha za vidole tu kwa sababu ya unato. Mume wangu, mtu wa atelye, karakana ya reli, alitoa hukumu yake pia. Kwao kila kitu kinachosumbua ni cha kupakwa grisi. Akarudi na kopo la grisi ya mabehewa iliyokwisha kutumika, akaanza kuupaka mti kwenye gome lenyewe, kwa upendo, kama ekseli. Mahali alipopaka pakachomwa na jua, gome likapasuka. Mama mkwe alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe siku nzima ilipita bila mimi kuwa sababu ya lolote.

Msaada, sitaki kuamini mpaka leo, uliletwa na salongo. Salongo ilikuwa kazi ya bure ya kila Jumamosi, tunafagia barabara huku tukiimba kwamba tunafurahi. Siku hizo ilisemekana mkubwa fulani atapita Kalemie, kwa hiyo mkuu wa mtaa akaamuru mashina ya miti yote yapakwe chokaa hadi usawa wa kiuno, ili mkubwa aone maendeleo. Mkubwa hakupita. Lakini mchungwa wetu ukabaki na soksi nyeupe, na juu ya weupe ule nikaona kitu nilichokuwa sikioni juu ya gome. Ni mstari mweusi wa sisimizi, mwembamba, haukatiki, wanaopanda na wanaoshuka wakisalimiana njiani kama watu wa sokoni. Ndiyo faida pekee ya salongo niliyoishuhudia kwa macho yangu.

Nilikuwa naanika nguo pale kila siku, basi nikawa natazama. Wale wanaopanda walikwenda moja kwa moja kwa vidudu vya kunyonya. Hawakuwala. Waliwapapasa kwa ndevu zao, kidudu kikatoa tone, sisimizi akalinywa, akahamia kwa mwingine. Siku moja alitua mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, yule mviringo ambaye watoto humtembeza kidoleni. Huyo alikuja kula, na alianza kula. Sisimizi walimvamia kama askari wanaolinda duka la bosi, wakamng'ata miguu mpaka akaruka zake. Nikasema kumbe. Mti una wezi, na wezi wana walinzi, na sisi tumekaa hapa tunatazamana miguu.

Nikaanza na wezi. Niliponda sabuni ya mawese kwenye beseni la maji, nikachukua kitambaa, nikapanda kwenye kinu kilichogeuzwa, nikaosha majani, moja moja, juu na chini. Mtaa ulipata burudani ya bure. Wanawake waliokuwa wanatoka ziwani na mabeseni ya ndagala, yaani dagaa, kichwani walisimama kwenye uzio.

"Mama, muti imekojoa mu kitanda?"

"Baada ya kuogesha utamuvalisha?"

Niliwajibu kwamba ndiyo, nitamvalisha, na kweli nilimvalisha. Nilikata matawi yaliyokuwa yanagusa bati la jiko ili pasiwe na njia ya juu. Kisha nikachana kitenge changu cha zamani, nikaufunga utepe mpana kuzunguka shina, usawa wa goti, nikapaka grisi ya mume wangu juu ya kitambaa na siyo juu ya gome. Sisimizi wa kwanza alifika, akanusa, akakwama. Wa pili akamwuliza anafanya nini hapo, naye akakwama. Nilichuchumaa nikawatazama kwa furaha ambayo mtu wa dini hapaswi kuwa nayo.

Baada ya siku chache walikuwa wamerudi juu, wamenenepa.

Nikauzunguka mti mara nyingi. Utepe ulikuwa mzima, grisi mbichi, hakuna daraja. Ndipo nikakiona kiti. Walikuwa wanapanda kwa miguu yake miwili, wanapita juu ya kikalio, wanapanda mgongo, wanaingia kwenye shina juu kabisa ya utepe wangu. Baba mkwe hayupo miaka yote hiyo, lakini kiti chake kinaendelea kupokea wageni.

Nilikuwa nimeambiwa kisikaliwe. Hakuna aliyeniambia kisisogezwe. Nikakiinua kwa heshima zote, nikakisimamisha kwa miguu yake minne pale karibu na jiko, nikakifuta vumbi hata. Asubuhi yake nikakikuta kimerudi mtini, kimeinama kama kawaida. Nikadhani ni mume wangu. Nikakisimamisha tena. Asubuhi, kimerudi. Nikamwuliza mume wangu, akaapa hajakigusa tangu utoto wake. Nikamshuku mzee wa moshi wa treni. Nikawashuku hata wafu, maana kikundi cha maombi kilikuwa kimeniachia mawazo hayo. Mchana nakisimamisha, asubuhi kimeinama, na sisimizi wanapishana juu yake kwa amani. Machungwa machache yaliyokuwa yameshika yalikuwa madogo kama marumaru, nami nilikuwa naanza kukunja nguo zangu akilini.

Basi nikaamka alfajiri, jua bado halijatoka ziwani, nikasimama nyuma ya mlango wa jiko kumngoja mchawi wangu.

Alikuja na kikombe cha bati mkononi, chai inatoa mvuke. Alikuwa mama mkwe. Alikiweka kikombe chini, akakibeba kiti kutoka nilipokisimamisha, akakiinamisha kwenye shina polepole, kama mtu anayemlaza mgonjwa. Kisha akakaa chini, miguu ameinyoosha, akaanza kuongea na kiti.

"Papa, usikasirike. Mutoto ya watu hajue. Kwao Nyunzu sijui banafanyaka namna gani. Huku kwetu muntu akisafiri tunainamisha kiti yake mpaka arudi. Ukisimamisha kiti ya muntu, umesema amekwisha kufa. Kila siku anakusimamisha, kila siku mi nakurudisha. Nikimwambia aache, ataniuliza uko wapi. Nitamujibu nini, papa?"

Akaweka kiganja kwenye shina. Nilikuwa nimeshika ubao wa mlango.

"Na muti hii isikufe. Nyumba za reli zote zinafanana, wewe mwenyewe uliniambiaka. Ulisema, nikitoka stesheni naangalia muchungwa, najua nimefika. Ikikauka utapita, papa. Utapita mbele ya nyumba yako."

Akamimina ile chai kwenye mizizi, yote, mpaka tone la mwisho. Chini kabisa ya kikombe kulikuwa na sukari ambayo haikuyeyuka, akaipangusa kwa kidole akaiweka juu ya udongo. Sukari! Tangu mwezi uliopita sisi tulio hai tulikuwa tunaambiwa sukari imeisha mjini, tunakunywa chai chungu kama kwinini. Nililia nyuma ya mlango ule, na huku nalia niliona hasira kidogo juu ya sukari. Vyote viwili vilikuwemo, sitaki kudanganya.

Nilijitokeza. Alishtuka, akaficha kikombe ndani ya kitenge.

"Sitwayene, unatafuta nini asubuhi yote hii?"

Ningeweza kusema mengi. Nilisema habari ya sisimizi.

"Mama, angalia. Bo banapandia mu kiti ya papa."

"Nani anapandia?"

Nikamwonyesha. Mwanga ulikuwa umeanza kutosha. Akainama mpaka pua yake ikakaribia mbao, akaona mstari ule unapanda mguu, unakatiza kikalio, unapita mahali baba mkwe alipokuwa anaegemeza kichwa chake. Yote niliyoifanyia nyumba ile, mguu wangu mbaya, tumbo langu kimya, hayakumwudhi kama alivyoudhika wakati ule.

"Juu ya kiti ya papa?" akasema. "Banatembea juu ya kiti ya papa?"

"Kila siku, mama."

"Bila haya?"

Jikoni, kabati yetu ya chakula ilisimama ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ya taa kidogo juu, kama kabati za watu wote wa Kalemie, ili sisimizi wasiufikie ugali. Nikaenda nikachukua makopo mawili ya maziwa ya unga, nikayajaza, nikayaleta. Sikumwomba akisogeze kiti. Nilikiinua kidogo, yeye mwenyewe akasukuma makopo chini ya miguu miwili, tukakishusha. Kiti kikabaki kimeinama vile vile, mgongo umeegemea shina, na miguu ndani ya maji. Sisimizi waliokuwa juu wakaanza kutafuta njia ya kurudi nyumbani na hawakuipata.

"Viatu," mama mkwe akasema, anatazama makopo. Nafikiri alikaribia kucheka.

"Na chai, mama," nikasema, nikitazama pembeni. "Sukari inaletaka sisimizi."

Akakitoa kikombe ndani ya kitenge, akakitazama. Jogoo wa jirani aliwika akamaliza.

"Munganga alimukatazaka sukari," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimesahau."

Tangu siku hiyo baba mkwe alikunywa chai bila sukari, na sukari ikaonekana mjini ghafla.

Baadaye ilikuwa kazi tu. Niliosha majani, nilibadilisha grisi ilipojaa mizoga, nilijaza makopo maji yalipokauka. Bila walinzi wao, wale vidudu walikuwa watu wa kawaida. Wadudu wekundu wenye madoa walirudi, wakala kwa utulivu. Mvua iliosha ule weusi, majani mapya yakatoka yamenyooka. Mama mkwe hakunishukuru, asingejua aanzie wapi. Ila siku moja nilimkuta amepanda kinu, ana kitambaa, anafuta majani ya tawi la juu ambalo mimi sikulifikia, na wanawake wa ndagala wamesimama kwenye uzio. Hakuna aliyethubutu kumwuliza kama mti umekojoa kitandani.

Lakini maua yaliyoanguka hayarudi. Kiangazi kilipofika, mchungwa uliokuwa unajaza vitunga ulikuwa na machungwa machache, yameshika upande mmoja tu, juu ya kiti. Ungeweza kuyaona yote bila kugeuza shingo. Nikatoa sanduku langu chini ya kitanda, nikalipangusa. Mume wangu aliniona akatoka nje.

Bibi wa Mpala alishuka bandarini na kitunga chake kikiwa kitupu, kama kila mwaka. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti nzito, aliyezoea watu kusimama anapoingia. Tulisimama. Akautazama mti kuanzia juu hadi chini. Akaona utepe wa kitenge, akaona makopo.

"Wifi," akasema, "machungwa ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii," mama mkwe akajibu.

"Na huyu, tumbo iko wapi?"

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, mikono nyuma, nikingoja ile hotuba ambayo nilikuwa naijua kwa moyo, yenye miguu ya baraka na miguu ya bintu ingine. Mume wangu alifungua kinywa, mama yake akamnyamazisha kwa kiganja. Kisha mama mkwe akaenda mtini.

Alikishika kiti kwa mikono miwili, akakitoa ndani ya makopo. Akakigeuza. Akakisimamisha chini ya kivuli kwa miguu yake yote minne, akakitikisa kuona kama kimekaa sawa, akakifuta maji kwa upindo wa kitenge chake. Bibi wa Mpala alijiziba mdomo. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Kitunga kilimwanguka, akakaa chini palepale kwenye vumbi, akaanza kumlilia mdogo wake kwa sauti, kwa jina lake, kilio ambacho nyumba ile ilikuwa imekiahirisha miaka yote hiyo.

Mama mkwe hakulia bado. Alichuma chungwa moja kati ya yale machache, akalimenya kwa vidole, akageuka.

"Kuja uikale, mama," akasema.

Nilitazama nyuma yangu nione anamwita nani. Hapakuwa na mtu, kulikuwa na ukuta wa jiko tu.

"Ni wewe," akasema. "Ikala. Umechoka kusimama."

Nikakaa. Kiti kilikuwa kigumu, mguu mmoja umevimba kwa maji, kinayumba. Akanipa chungwa lote, siyo nusu, na hakunitazama nikila. Alikaa chini ubavuni mwangu, akaweka kichwa chake kwenye goti langu, ndipo akalia. Makopo mawili yalibaki pale kwenye shina, yamejaa maji, na hakuna miguu ndani yake.